Fimbo ya Ndege na Vumbi la Nzuguni

Saa kumi na dakika ishirini alasiri, Jumamosi moja ya mwezi wa nane, ndege yangu ilianza kupinda kushoto bila mimi kuigeuza. Ilikuwa ndege ya kwenye kompyuta tu, na nilikuwa nimebakiza kilomita kumi kutua. Niliachia fimbo ya kuiongozea. Ikaendelea kupinda mpaka ikaanguka.

Kompyuta ile na fimbo yake, vyote mtumba, nilivinunua kwa kiinua mgongo, shirika letu lilipouzwa na sisi makarani tukapunguzwa. Wenzangu walinunua mashine za kusaga. Mimi nilikuwa nikisoma vitabu vya urubani tangu ujana, na sikuona sababu ya kumwomba mtu ruhusa. Ila nilijua kwamba fimbo ikifa, sitapata pesa ya kununua nyingine.

Fundi wa mjini aliitikisa mara mbili, akasema imekufa, ninunue mpya. Kaka wa mke wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Mvumi, alifurahi sana.

"Shemeji, kwetu fimbo ni ya ng'ombe," akasema. "Hii yako inachunga nini?"

"Inachunga akili yangu. Nipe hiyo bisibisi."

Niliifungua juu ya gazeti, nikichora kila skrubu ilikotoka. Ndani mna vifundo viwili vinavyopima fimbo imeinama kiasi gani, sawa na kile cha kuongezea sauti ya redio. Kikiingiwa na vumbi, redio hukwaruza. Hapa ndege hupinda. Vumbi jekundu nililitarajia. Nyuzi nyeupe sikuzitarajia.

Kwetu Nzuguni, kama kwa majirani wote, kila chenye thamani kilivishwa kitambaa cha kufuma: redio, makochi, saa ya mezani. Fimbo nayo mke wangu aliifumia chake, cheupe chenye maua, nami nikaamini imekingwa. Sasa nilikishuku, lakini shaka si ushahidi. Niliweka vioo viwili vidogo juu ya kabati, kimoja nikakifunika kwa kitambaa kile, kingine kwa kipande cha mwavuli mbovu. Siku saba, upepo wa kiangazi ukivuma, sikuvigusa. Kioo cha mwavuli kilibaki kisafi. Kwenye kile kingine vumbi lilikuwa limechora maua yote.

Nilimwonyesha mke wangu. Akapitisha kidole kwenye vumbi lile.

"Kwa hiyo mchawi ni kitambaa changu?"

"Ni matundu yake."

"Basi funika fimbo yako unavyotaka. Redio usiiguse."

Redio sikuigusa. Nilisafisha vifundo kwa spiriti, nikashona mfuko wa kitambaa cha mwavuli wenye mpira wa kubana chini, na pale fimbo inapochomoza kwenye kitako nikavisha kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, vumbi lisipenye hata wakati wa kurusha. Nikaweka na sheria: karanga haziliwi mezani pale, na mfuko hauvuliwi mpaka nyumba ifagiwe na vumbi litulie. Shemeji alisema hata mtoto mchanga hatunzwi hivyo. Nikamwambia mtoto akiumia hulia, fimbo haisemi.

Jumapili iliyofuata niliiachia fimbo dakika nzima angani. Ndege ikanyooka, nikatua. Fimbo mpya ilikuwa shilingi elfu arobaini na mbili. Spiriti na mpira vilinigharimu mia tisa. Niliokoa shilingi elfu arobaini na moja na mia moja.