Ami wa Mkiani

Habari ya kifo cha Ami ilinifikia Alhamisi jioni kwenye kundi la WhatsApp la klabu yetu ya baiskeli, katikati ya ubishi wetu wa kila wiki kuhusu saa ya kukutana kesho yake. Alifunga duka lake la vitambaa pale Satwa, akarudi nyumbani kupumzika mchana, hakuamka. Dua zilimiminika, pole zikafuata, na ule ubishi wa saa ukaisha wenyewe. Nami, Mungu anisamehe, wazo la kwanza lililonijia lilikuwa la ubinafsi mtupu. Nilijiuliza, sasa nani atakaa mkiani?

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanaujua ugonjwa wangu huu wa majira ya baridi. Joto likishapungua Dubai, watu wazima wenye kazi zao na vitambi vyao huvaa kaptura za kubana ambazo wakwe zao hawapaswi kuziona, wakatoka baada ya sala ya alfajiri kwenda jangwani na kurudi kwa baiskeli. Klabu yetu hukusanyika mtaa wa Al Twar. Mbele hukaa wenye mapaja, wanaokata upepo. Sisi wengine tunajificha migongoni mwao. Wa mbele akiona shimo au mchanga barabarani huonesha kwa mkono, na ishara hupitishwa hadi nyuma. Kutoka nyuma kinakwenda kitu kimoja tu, sauti. Kila tukipita taa za barabarani au mzunguko wa magari, msafara hukatika, na wa mbele haruhusiwi kuongeza mwendo mpaka wa mwisho aite kwamba wote wamepita. Wa mwisho, miaka yote niliyokuwamo, alikuwa Ami.

Msidhani namsifia kwa kuwa amekufa. Alikuwa Mzanzibari mbishi, mpenda kula, na zile kaptura alizikataa katakata. Aliendesha na suruali ya trakisuti, mguu mmoja umefungwa kwa kamba ya kiatu usiingie kwenye mnyororo. Mfuko wa mgongoni, ambamo wenzake huweka pampu, yeye aliujaza visheti alivyokaangiwa na mkewe. Tulimtania kwamba anakaa nyuma ili asigawe. Lakini sauti yake ikipanda, "Tupo wote, yalla," hata mimi niliyekuwa hoi nilipata miguu mipya.

Asubuhi moja ukungu ulishuka, ule wa Januari unaomeza hata nguzo za taa. Tulikuwa na mgeni, mama mmoja wa Uganda, mlinzi wa hoteli, juu ya baiskeli ya kuazima. Kwenye mzunguko wa kutokea jangwani tulisubiri sauti, haikuja. Wenye mapaja wakaanza kunung'unika kwa baridi. Hapo Mkenya mmoja wa kampuni ya mizigo Deira, aliyekuwa katikati, akaita kwa niaba ya Ami, na msafara ukafyatuka. Tulipogundua kwamba nyuma hakuna mtu, tulikuwa tumefika mbali. Tulirudi tukiitaita ndani ya ukungu, tukawakuta wawili hao kwenye kituo cha mafuta, wanakunywa chai ya karak kwa visheti. Mkenya akashuka na kusema, "Pole, Ami. Ni mimi niliita. Nilidhani mko hapo tu nyuma."

Ami alimpa kisheti kwanza. "Mimi sijasema kitu, mwanangu," akajibu. "Nikinyamaza, ujue kuna mtu hajafika."

Yule mama alinieleza baadaye kwamba tulipompotea alikuwa ameshaamua kurudisha baiskeli ya watu na asituone tena. Kilichomzuia ni Ami, aliyelalamikia goti lake njia nzima, hadi mama akaona si vizuri kumwacha mzee wa watu peke yake. Alidhani yeye ndiye anayemsindikiza. Lile goti, kwa taarifa yenu, sijalisikia likitajwa kabla wala baada ya siku hiyo.

Nimelifikiria sana jambo hili, kwa sababu mji huu tunaoishi unapenda wa mbele. Jengo refu kuliko yote, duka kubwa kuliko yote, mfanyakazi bora wa mwezi na picha yake ukutani. Wa nyuma hutoweka bila kelele. Ijumaa moja unamkosa mtu, unauliza, unaambiwa mkataba umeisha, viza imefutwa, khalas, yuko kwao. Hakuna aliyeajiriwa kugeuka na kutuhesabu. Ami aliifanya kazi hiyo bure, mdomo umejaa visheti.

Ijumaa ile tulimzika. Katikati ya wiki wenye mapaja wakapendekeza klabu igawanywe makundi mawili, la wepesi na la wazito, maana sasa nani atawasubiri wazito? Nilijua niko lipi, na niliumia. Ijumaa iliyofuata tulitoka bila uamuzi. Tukapita mzunguko wa kwanza. Kimya. Aliyeongoza mbele alikuwa yule Mkenya, na hakuongeza mwendo. Tukaenda polepole kama tunampeleka bibi harusi, na hakuna aliyethubutu kuita. Kisha yule mama, ambaye siku hizi huwa mbele na wenye mapaja, akaacha kukanyaga pedali. Akatuachia tupite mmoja mmoja, akimtazama kila mtu usoni, mpaka akabaki wa mwisho. Sauti ikaja kutoka nyuma, imepasuka kidogo: "Tupo wote tuliobaki. Yalla."

Nililia ndani ya miwani yangu ya jua, na upepo ukasingiziwa. Hoja ya makundi mawili haikurudi tena. Nami nimejiwekea sharti dogo, la barabarani, la kazini na la nyumbani: kabla sijaongeza mwendo, nasikiliza nyuma. Kukiwa kimya, kuna mtu hajafika.