Tone la Koboko Ambalo Kornelia Alimnyima Mama Yake

Jua la Kahe halijachomoza sawasawa, na Kornelia Mlay tayari amemkamata koboko shingoni. Anauelekeza mdomo wa nyoka kwenye kikombe kilichofunikwa kwa mpira mwembamba. Meno yanazama, sumu inachuruzika ndani. Hapo hakuna masihara. Hata kikohozi anakimeza.

"Huyu ukimzoea tu, amekuzika," anasema akishamrudisha kizimbani.

Kornelia hukamua sumu katika kituo kidogo cha kufuga nyoka. Nyingine hutumika kutengeneza dawa ya walioumwa na nyoka, nyingine huenda kwa watafiti wa maumivu. Wamemweleza kwamba neva zetu zina vijilango vya kupitishia chembe za chumvi, na vikifunguka ndipo maumivu husafiri. Katika sumu ya koboko wamekuta peptidi, yaani vipande vidogo vya protini, ambavyo kwa panya vilifunga baadhi ya vijilango hivyo na maumivu yakapoa. Kwa binadamu, bado.

Hilo "bado" ndilo linalomtesa. Huko Machame mama yake, Priska, yuko kitandani na saratani iliyoingia mifupani. Dawa ya hospitali humtuliza, kisha maumivu yanarudi palepale.

Siku moja Kornelia aliwasimulia nyumbani habari ya watafiti, kwa furaha tu, kama mtu anayeleta zawadi. Mama akamshika mkono.

"Mwanangu, niletee hata tone."

Kornelia akakataa. Katika tone hilohilo mna sumu nyingine zinazozima pumzi, na kuzitenganisha ni kazi ya maabara, tena ya miaka. Kaka yake, Efraimu, hakutaka kusikia.

"Dawa unaikamua kwa mikono yako, unawapelekea watu baki, na mama analia hapa. Wewe ni mtoto wa nani?"

Maneno hayo yalimkata maini. Tangu siku hiyo hajakanyaga Machame.

"Kuna asubuhi nilikishika kile kikombe nikalia," anasema. "Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Na uchungu wa mzazi, je?"

Jumapili hii, baada ya ibada, anapanda mlimani kwenda Machame. Ameomba kwa jirani jani la isale, lile ambalo Mchagga akiletewa na mtu anayetaka radhi, hana budi kusamehe. Wenzake kazini walidhani anampelekea Efraimu.

"La mama," anasema. "Nitapiga magoti nimpe shikamoo yake, nimwambie anisamehe kwa kumnyima. Sina kingine cha kumpelekea."

Na akishasamehewa? Kornelia ananawa mikono taratibu, macho kwa koboko aliyejikunja kwenye kona yake.

"Jumatatu narudi kukamua. Mama yangu hataiwahi dawa hiyo, najua. Ila nataka siku moja mama wa mtu mwingine aombe tone hili, na binti yake ampe."