Neno Ambalo Wabwile Hakuliitikia

Katika nyumba zote za wazungu pale Kitale, hapakuwa na mpishi aliyesifiwa kama Wabwile. Memsabu wake alijigamba mbele ya wageni kwamba mtu huyu haitwi: ukitamani chai, tayari iko mezani, ukianza kutafuta miwani, huyo anakuletea. Wageni walidhani amezaliwa na kipaji. Kipaji gani! Mtu alikuwa anakimbia neno moja tu.

Neno lenyewe ni "boi." Wabwile alielezwa siku ya kwanza kazini kwamba kwa Kiingereza maana yake ni mtoto wa kiume. Lakini wazungu wa Kitale walilitupa huku na huku kama mtu anayelisha kuku. Mtunza bustani mwenye mvi alikuwa boi. Mkamuaji wa ng'ombe alikuwa boi, na wajukuu anao. Mbwa akirudisha mpira aliambiwa "gudi boi" na kupapaswa kichwa. Hata bwana mwenye nyumba, rafiki zake wakishalewa kidogo, walimpiga mgongoni wakimwita "olidi boi," naye akacheka. Acha acheke, yeye aliitwa hivyo na wenzake, kisha akarudi kuwa bwana.

Wabwile hakucheka. Kwao Kabuchai, mwanamume aliyesimama mbele ya kisu cha ngariba bila kupepesa jicho ameachana na utoto siku hiyo hiyo. Kumwita mtoto baada ya hapo ni kumwambia musinde, mtu asiyetahiriwa, na kwa tusi hilo watu wazima wamevunjana meno. Anayetukana ana makosa, lakini anayeitika ana makosa zaidi, maana amekubali. Basi Wabwile akakata shauri: atapika, atafua, atapiga pasi, ila kuitika hataitika. Akajifunza mlio wa kiti cha memsabu kikisukumwa, kikohozi chake cha kutaka maji, hata hatua za bwana akitoka kuoga. Alifika kabla neno halijatoka. Na likimponyoka memsabu, Wabwile alitokea kimya, trei mkononi, kana kwamba alikuwa anakuja kwa hiari yake. Kazi hiyo ilimchosha kuliko kupika.

Mwaka wa 1937 akamposa Nanyama, binti wa mzee Wakhungu wa Malakisi. Mzee huyo alijulikana kuwa alipigana Vita vya Mjerumani, na akipita sokoni watoto walinyamaza. Hakukataa posa, wala hakukubali. Alisema tu kwamba kabla ya kumtoa binti yake atakwenda Kitale aone kwa macho yake mwanamume huyo anaishi vipi. Wabwile alipopata habari hizo akaanza kuhesabu siku. Mzee akilisikia neno lile hata mara moja, Nanyama atabaki kwao, na sababu yake itatangazwa Malakisi nzima.

Mzee alifika Jumamosi mchana, kavaa koti refu la kijeshi jua likiwaka. Wabwile alimkalisha kwenye kigoda mlangoni pa jiko, lililojengwa mbali kidogo na nyumba kubwa. Alikuwa amejiandaa. Chai ya memsabu ilikuwa mezani, maji ya kuoga tayari, mbwa ameshiba, hata shali ya memsabu alikuwa ameiweka kitini, asije akasikia baridi jioni.

"Unaishi vizuri," mzee alisema akitazama sufuria zilizong'arishwa. "Na huyu mama, mnasikilizana?"

"Tunasikilizana, baba. Hanisumbui."

Mungu amsamehe. Kabla hajammiminia mzee chai, gari liliingia uani limejaa wageni ambao hakuna aliyewatarajia. Memsabu akatoka barazani, na sauti yake ilikuwa ya kufika mpaka stesheni.

"Boi!"

Wabwile aliganda, birika mkononi. Akaona yote yamekwisha, ng'ombe, harusi, Nanyama mwenyewe na kicheko chake. Hakuthubutu kumtazama mzee. Ndipo aliposikia kigoda kikianguka.

Mzee Wakhungu alikuwa amesimama wima, visigino vimegusana, mikono imenyooka kwenye mishono ya koti. "Yesa!" aliitika, kwa sauti nyembamba ambayo Malakisi haijapata kuisikia. Kisha akashtuka mwenyewe, akaangalia miguu yake kama inayomilikiwa na mtu mwingine.

Aliinua kigoda polepole, akakaa.

"Bunduki sikushika," alisema hatimaye. "Nyumbani wanajua nilipigana. Nilikuwa boi wa kapteni, toka Kisumu mpaka Mwanza, nikimpikia mayai na kumvua viatu. Miaka yote hii nimenyamaza, na ona, miguu haijasahau."

"Mimi huwa siitiki, baba," Wabwile alisema. "Ninakwenda tu."

"Huitiki?"

"Sijaitika hata siku moja."

Mzee alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Mimi sikujua kwamba mtu anaweza," alisema.

Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mwili mzima, na Wabwile akashindwa kujizuia. Hofu ya majuma mengi ilimtoka. Walicheka huku wamebana midomo, wanaume wawili wa siri moja.

Barazani memsabu akaita tena, kwa nguvu zaidi. Mzee akampokonya Wabwile birika, akajimiminia chai mwenyewe.

"Nenda, mkwe," alisema. "Lakini usikimbie."