Koleo la Susu

Juzi, kwenye makumbusho, nilisimama mbele ya kabati la kioo nikacheka peke yangu. Ndani mlikuwa na koleo la Susu, nyanya yangu wa Nuu, au pacha wa koleo hilo. Kibao kilisema ni kalibu, chombo cha kusubu risasi za gobori, bunduki ya zamani, na kwamba utaitambua kwa kitundu cha juu na kibamba cha kukatia mkia wa risasi.

Mimi nilikijua kitundu kile. Mwaka mmoja wa utoto wangu, kiangazi kilikuwa kimetufukuzia nyuki wote, kisha mvua ikarudi na migunga ikachanua. Mchana huo Susu aliyeyusha nta, jiko zima likanukia asali na moshi. Akaimimina kwenye kitundu, ikapoa, akafungua koleo. Ikadondoka gololi ya manjano. Nikadhani ni peremende, nikaitia mdomoni.

"Tema!" Susu akasema. "Hiyo ni ya wageni."

Akaisugua gololi ndani ya mzinga mtupu, akautundika mtini, tukakaa chini kungoja. Jua lilipoanza kupoa, nyuki mmoja alikuja, akazungukazunguka mlangoni, akaingia. Susu alinishika bega kwa nguvu.

Kwa miaka mingi niliamini chuma kile kilifuliwa kwa ajili ya kuita nyuki. Sasa najua kilifuliwa kwa ajili ya nini. Lakini koleo lenyewe ninalo nyumbani. Niliporudi kutoka makumbusho nililifungua, nikalinusa. Bado linanukia asali.