Waziri Mkuu Aliyeshindwa Akarudi Kwao

Juzi nilikuwa nangoja lifti kwenye jengo la ofisi huku Uarabuni, Jumeirah Lake Towers. Televisheni ya mapokezi ilimwonyesha waziri mkuu wa kisiwa kimoja cha Pasifiki, aliyeanza kama mwalimu, akawa mbunge, na sasa kaangushwa kwenye uchaguzi. Alikuwa anashuka mashua kijijini kwao, kina mama wakimwimbia na kumvika mashada ya maua.

Mlinzi wa jengo, Mkenya ambaye hajaenda kwao miaka saba, alivua kofia.

“Si wamesema ameshindwa?”

“Ameshindwa.”

“Na bado wanamwimbia?” Akaikunjakunja kofia. “Mimi nangoja nijipange kwanza ndipo nirudi.”

Sisi wa ughaibuni tumejitungia sheria kali kuliko za siasa: arudi mshindi tu. Nikamuuliza mlinzi, mama yake husemaje.

“Huuliza narudi lini. Hajawahi kuuliza narudi na nini.”