Mlau wa Vizuka Wawili

Watu wa Chumbi wakitaka kumsema mtu asiyeshtushwa na jambo, humtaja Biasha Sadallah. "Huyo moyo wake kama wa Biasha," husema, na hapo usijue kama wanamsifu au wanamteta. Mwenyewe akisikia hukaza kanga yake akapita.

Alizaliwa bondeni, na bondeni ndiko alikofundwa. Mto Rufiji ukifurika unakula mpunga, halafu ukirudi nyuma unaacha tope jeusi. Tope hilo ukiwahi kulipanda mahindi, kunde na maboga kabla halijakauka, utakula mpaka usaze. Kilimo hicho cha kuyafuata maji yanayoondoka wenyewe wanakiita mlau. Sasa mtu aliyelelewa na mto wa namna hiyo utamwambia nini kuhusu heri na shari? Shari ya masika ndiyo heri ya kipupwe. Biasha alikuwa na neno lake moja tu, "Ya mto hayo," na alilisema penye neema na penye msiba kwa sauti ile ile.

Alilisema alipomzika mtoto wake wa kwanza, aliyekufa kwa homa kabla hajaota meno. Alilisema pia mwaka ule mpunga ulipokubali mpaka wanunuzi wa Ikwiriri wakawa wanagombania magunia, na Haruni mumewe akapata vitu viwili kwa mpigo: bati na mke wa pili. Loo! Wanawake wenzake walikuja mbio kutazama atavunja chungu gani. Wakamkuta uani amekaa na ungo, anachagua mchele wa pilau ya harusi.

"Biasha, wewe huoni wivu?"

"Bati halivuji," akajibu. "Hilo jingine, ya mto hayo."

Haruni, mtu wa mizaha yule, alikuwa akimtania: "Mke wangu wewe, siku ukiingizwa peponi utauliza kama kuna mbu."

Mke wa pili, Salima, alitoka vilimani Umatumbini, na alikuwa kinyume cha Biasha kwa kila kitu. Akicheka, nyumba ya tatu wanasikia. Akilia, kuku wanatoka uani. Bibi wawili hao waliishi ua mmoja, kila mtu na jiko lake. Asubuhi "Umeamkaje, dada?" "Nimeamka." Basi, mpaka kesho. Hawakugombana, maana kugombana nako kunataka mazungumzo.

Ndipo yakaja mafuriko makubwa. Mpunga wote ulikwenda, na watu wa bondeni wakapanda juu na magodoro kichwani. Nyumba ya Haruni ilikuwa juu, haikuguswa. Lakini maji yakiwa bado yametanda kule chini, asubuhi moja Haruni akitia udhu alianguka ubavuni mwa ndoo. Presha. Mpaka pikipiki inapatikana, mtu hayupo tena.

Salima alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Biasha alimfumba mume wake macho, akamfunga kidevu, akamnyoosha miguu, akauliza kama kaburi litachimbwa mahali pakavu. Kisha akakaa mkekani kungoja kilio kije. Hakikuja. Walikuja wageni kutoka Mkongo, ikasomwa hitima, ukaliwa wali, na kilio hakikuja. Kifuani alikuwa na ganzi kama ya mguu uliokaliwa, ila mguu ukiunyoosha unachoma, na huku hakuchomi kitu.

"Subira hiyo, mashallah," wakasema baadhi ya wanawake.

"Subira gani? Huyu hana moyo," wakasema wengine, tena kwa sauti ya kutaka asikie.

Alisikia. Na usiku mwingine aliwaza kwamba huenda wana haki. Huenda miaka yote ile hakuwa mwenye busara, alikuwa jiwe tu. Wazo hilo lilimtia hofu, lakini hata hofu yenyewe ilimfikia kwa mbali, kama redio ya jirani.

Wakaingia eda. Habiba, dada wa marehemu, alikuja kuwasimamia. Vizuka wawili, wajane wa mume mmoja, chumba kimoja, mkeka mmoja, kila mtu na shuka lake jeupe, hakuna kutia wanja wala mafuta mazuri. Wake wenza hao! Mtaani watu walitega masikio wakingoja ugomvi. Hawakupata kitu. Salima alilia, Biasha alitazama ukuta.

Siku zikaenda, na maji nayo yakaanza kwenda. Upepo ukivuma kutoka bondeni, Biasha alisikia harufu ya tope pale pale alipokaa. Alijua maana yake. Tope lile halimngoji mtu amalize eda. Likianza kupasuka nyufa, mlau umekupita, na ghalani hakuna hata punje. Kuajiri kibarua nako haiwezekani, maana kila mwenye mikono yuko shambani kwake. Watoto wa Biasha walikuwa watu wazima, wameolewa Kibiti. Lakini Salima alikuwa na wawili wadogo, na uji wa asubuhi ulikuwa umeshakuwa maji yenye rangi.

Salima alimwambia Habiba kwamba wanataka kwenda kupanda.

"Kizuka na jua wapi na wapi?" Habiba akaja juu. "Mnataka kaka yangu asumbuke kaburini? Mtu hata nyayo zake hazijafutika! Hapa hatoki mtu."

"Sawa, wifi," akasema Biasha.

Habiba alipotoka, Salima alimgeukia mwenzake. "Dada, sema neno. Wewe ndiye mkubwa. Ukisema wewe watasikia."

"Ya mto hayo, Salima."

"Mto gani!" Salima akaruka. "Mto umeshaondoka, dada! Umeondoka na mpunga wetu, mume wetu kaondoka, na wewe unaondoka hivi hivi nikikutazama, umekaa! Wanangu nitawapikia hayo ya mto?"

Ungedhani Biasha atakasirika. Hakukasirika. Aliona tu kwamba mifupa ya shingo ya Salima imetokeza, akashangaa ilianza lini.

Salima hakungoja ruhusa ya mtu. Alimtuma jirani amwite Maalimu Abdulrazaq wa msikitini. Maalimu akaja, akasimama nje ya dirisha, akakohoa.

"Mwenye eda halali nje ya nyumba yake, wala hajipambi," alisema. "Kutoka mchana kwa haja, ruhusa ipo. Na kama njaa ya watoto si haja, basi mimi sijui haja ni ipi. Kabla ya magharibi muwe mmerudi."

Habiba alisonya, lakini hakubisha. Kesho yake alfajiri, bila kumwangalia mtu, aliwawekea mbegu kwenye kibuyu na mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa. Hivyo ndivyo alivyo Habiba, mdomo mbele, huruma nyuma.

Wakashuka bondeni na mashuka yao meupe, na barabarani watu wakasahau hata kuwaamkia. Shambani tope lilikuwa limeiva, unalikanyaga linakushika kisigino. Hapo huhitaji jembe. Mtu mmoja hutangulia na mti uliochongwa ncha, anatoboa matundu. Wa pili anafuata nyuma, anadondosha mbegu na kufukia kwa kidole cha mguu. Salima hakuwahi kupanda mlau. Shamba lake lilikuwa la juu, la muhogo na ufuta, na msimu kama huu Haruni alishuka na Biasha siku zote. Sasa Salima akaushika mti akatangulia. Biasha akachukua kibuyu akafuata nyuma, macho chini, kwa kuwa ndiko yalikozoea.

Dondosha, fukia. Dondosha, fukia. Mstari wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, na yeye hasikii kitu, si jua wala njaa. Katikati ya wa tatu mguu wake ulikosa pa kukanyaga. Tundu limefuatana na tundu, jingine limekwenda upande.

"We!" akafoka, na sauti ilikuwa yake kweli, ingawa tangu msiba ilikuwa haijasikika. "Nani kakufundisha kutoboa hivyo? Matundu yamebanana, mahindi yatazaa nini hapa? Haruni hatoboi hivyo!"

Salima akageuka.

Biasha akalisikia neno lake. Hatoboi. Kalisema kama vile mtu mwenyewe kaenda kunywa maji mara moja. Akainua macho kutazama mbele, mahali ambapo miaka yote palikuwa na mgongo mpana na shati lenye kiraka, akaona mwanamke mdogo aliyekonda, shuka limejaa tope mpaka kiunoni.

Akakaa pale pale kwenye tope, kibuyu kikamwagika, na kilio kikamtoka tumboni kibaya, kisicho na mpangilio, kama mtu anayetapika.

"Haruni wangu! Haruni wangu mie! Nimebaki na nani miye!"

Kwenye mashamba ya jirani watu walinyanyua migongo. Walikuwamo wale wale waliosema hana moyo. Walisimama na miti yao mikononi, na mmoja akaanza kulia pia bila kuombwa.

Salima, aliyewalilia wote tangu siku ya kwanza, safari hii hakulia. Wala hakusema "nyamaza, dada" kama watu wanavyosema. Alichutama kwenye tope karibu yake, akaanza kuokota mbegu moja moja kuzirudisha kibuyuni, akamwacha alie mpaka alipofika mwisho wake.

Biasha akapenga kamasi kwa ncha ya shuka. Uso mzima ulikuwa tope.

Salima akamnyooshea ule mti.

"Haya, dada. Nionyeshe anavyotoboa."

Biasha akautazama ule mti, akaushika, akajiinua kwa huo huo.

"Hatua nzima," alisema kwa sauti iliyopasuka. "Hatua nzima ya mwanamume, ndiyo unatoboa. Njoo nyuma yangu."