Maziwa Mpakani

Mpaka wa Lunga Lunga, kati ya Kenya na Tanzania, ulipofungwa wakati wa korona, Kibibi wa kijiji cha Jego alikuwa akiwapelekea uji wasafiri waliokwama pale, wakilala kwenye baraza za maduka. Hapo ndipo alipomkuta Zulekha, mke wa mtu kutoka Tanga. Alikuwa amekuja Msambweni, upande wa Kenya, kumzika mamake, na kwa kuwa kitoto chake kilikuwa na homa, alikiacha kwa wifi yake akitumaini kurudi upesi.

Maziwa yalikuwa yamemjaa hata leso imelowa. Kibibi akampeleka nyuma ya duka, akamkanda kwa kitambaa cha maji moto, maziwa yakamwagika mchangani.

“Haya yangemshibisha, mama,” Zulekha alisema.

 Kibibi akawa akimkanda kila asubuhi, mpaka ikafika siku maziwa hayakutoka tena. Siku hiyo Zulekha hakuugusa uji.

Mpaka ulipofunguliwa alikwenda zake, kisha akapiga simu. Nyuma yake mtoto alikuwa akilia.

“Amenikataa, mama. Nikimshika anamlilia wifi.”

“Mpe muda, mwanangu. Atakujua.”

Simu ilipokatika, Kibibi aliketi jikoni akalia mpaka wali ukamwungulia.